Ukurasa Nilisahau Kubadilisha

Butembo, vendredi

Na ni nani hakopii? Kwa économie banakopia, kwa lettres, hata ba-ingénieurs. Mimi wa agronomie nilikopia TFC, kitabu ya kumaliza masomo, ya mwanafunzi wa zamani, juu ya maharagi ya kijiji ya Musienene. Kila pahali pa Musienene nikaweka Eringeti, kijiji ingine, basi.

Leo ilikuwa défense, siku ya kutetea ile kitabu. Ba-profesa batatu bakafunua-funua kitabu, bakauliza juu ya mbolea, bakanipa distinction, alama ya juu.

Kisha mama ya fiancée yangu Kavira akaomba kitabu. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: "Aksanti kwa bibi yangu mupenzi na batoto wetu batatu."

Nikasema ni makosa ya imprimerie, kwenye balichapa kitabu.

"Imprimerie ndiyo ilizala batoto batatu?"

Kavira hapokee tena simu.

Ba-profesa batatu habakuona kitu. Ile mama aliishiaka kusoma mwaka ya tatu ya primaire.