Taa ya pili kwa picha ya baba

Alhamisi

Tumenunua ya betri. Elia ndiye aliyekumbuka kwamba kwa baba, kijijini Bombo, umeme hukatika, na nilitamani nimkumbatie palepale dukani, mume wangu huyu mtamu wa mwezi mmoja. Nilitamani tu. Tangu daktari aseme tumrudishe baba nyumbani, hakuna dawa tena, mwili huu kama si wangu.

Taa yangu moja huacha nusu ya uso gizani. Wateja wa studio yangu hapa Same hawajawahi kulalamika, lakini picha ya baba ya Jumamosi huenda isirudiwe.

Muuzaji alininyooshea taa ya duara. "Bibi harusi, kwa hii utang'aa!"

"Inachora duara kwenye macho," nikamwambia. Nayataka macho ya baba yalivyo.

Jioni nilimpigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo Jumamosi nivae koti gani?"

"La harusi yetu."

"Limekuwa kubwa. Mama yako atalibana kwa pini mgongoni. Kwa mbele hazitaonekana, eti?"

"Hazitaonekana, baba."

Kumbe Elia alikuwa amenishika mkono muda wote. Nimejua alipouachia.