Risasi Iliyovumbikwa

Shoga, baba amejificha msikitini, na adhuhuri bado saa mbili!

Si yule kaka yangu Gharib? Siku arobaini amevumbika risasi ya betri kuukuu mtungini, kwa moshi wa udi, kama ndizi. Ati dhahabu ni risasi iliyoiva! Na kwa kuwa ndizi moja mbivu huivisha nyingine, akatia humo bangili ya mama, ile aliyovishwa na baba siku ya harusi.

Leo baba kagundua. Kamkokota na mtungi wake hadi kwa sonara, aaibike mbele za watu.

Sonara akaisugua risasi kwenye jiwe la kupimia. "Risasi hii."

"Haijaiva," Gharib akamjibu, kifua mbele.

Akasugua bangili. Akasugua tena. TENA, shoga! "Na hii ni shaba. Imechovywa dhahabu tu."

Baba macho chini.

Nikadhani Gharib ataomba radhi. Wapi!

"Ndiyo maana haikuiva!" Kisha akamgeukia baba: "Mimi siku arobaini nimeshindwa. Wewe shaba umeifanya dhahabu miaka thelathini. Nifundishe, baba."