Mkia wa Chozi wa Mama Atieno

Dada Wairimu, tazama kwanza picha iliyo mbele ya kadi hii. Huyo ni chozi, ndege mdogo anayenyonya ua la mgomba wa Mama Atieno, mwenye nyumba wangu hapa Migosi, Kisumu. Siku tatu nimelala chini ya mgomba huo na kamera, nikiambulia majani matupu. Leo asubuhi flashi imewaka, mabawa yakaganda hewani, kifua kikang'aa kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Kwenye kompyuta nikamrembesha, nikaunyoosha na mkia wake uliopinda. Mama Atieno akavaa miwani, akakataa. "Nyar Nyeri," ndivyo anavyoniita, binti wa Nyeri, "huyu si wangu. Wangu alishikwa mkia na paka, akaponyoka. Sasa unamnyoosha ya nini?"

Nikaurudisha mkia ulivyokuwa, naye akaita majirani wote waje kumwona.

Nikirudi nyumbani, nitakurudishia lile kovu la kidevuni nililolifuta kwenye picha yako ya harusi. Kila nikiitazama hiyo picha huwa nakutafuta.

Wako,
Nyambura