Gari Halikukufuata, Tata

Tata,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mambo ya gari tuliyazungumza kwa Kiswahili, mimi na wewe, tumeinama chini ya boneti. Kwa Ekegusii ulikuwa baba mkali. Kwa Kiswahili ulirudi kuwa dereva wa shamba la chai, mikono imejaa grisi, unanichekesha.

Basi sikia. Tulipokwisha kukuzika, pikapu yako ilikataa kuwaka. Mvua iliinyeshea nyuma ya nyumba siku zote za matanga, na nani angekumbuka kuifunika? Baba mdogo akaleta fundi kutoka Daraja Mbili. Fundi akachungulia, akatikisa kichwa, akasema injini imekufa, inunuliwe nyingine. Baba mdogo akashusha sauti: "Hii gari imemfuata mwenyewe." Na watu wakaitikia! Ng'ombe wa Mama, huyo huyo mmoja, akafungwa kamba apelekwe mnadani ili injini ipatikane. Mama akakubali. Bila pikapu, ndizi zake zingeozea hapa Kebirigo.

Nilikasirika, Tata. Hata sasa nimekasirika. Fundi mzima hakuliuliza gari swali hata moja! Na wewe ulizoea kuniambia, "Gari ni mtoto mchanga. Linalia tu. Ni wewe wa kupapasa mpaka ujue panapouma."

Nikasimama mbele ya ng'ombe. Nikasema haendi popote kabla sijapapasa. Baba mdogo akauliza tangu lini msichana akawa fundi. Nikafungua boneti.

Nikawasha taa, zikawaka kali. Betri haina neno. Nikamketisha Mama kwenye usukani, yeye ambaye hajawahi kukaa upande ule, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka vizuri ila haikushika. Nikamwambia fundi, maiti haizunguki. Nikachomoa mpira wa petroli, petroli ikatoka. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, Mama akazungusha tena: hakuna cheche. Basi kinachokosekana ni moto. Nikafungua kile kifuniko cheusi kinachozigawia plagi moto, na ndani kulikuwa na matone ya maji. Maji tu, Tata! Ng'ombe auzwe kwa sababu ya maji!

Nikavua kitambaa changu cha matanga, nikapangusa mpaka pakakauka, nikarudisha kila kitu mahali pake. Ikawaka. Mama akapiga kigelegele akasahau kutoa mguu kwenye mafuta, injini ikanguruma mpaka ng'ombe akakata kamba akarudi zizini mwenyewe. Fundi akasema hata yeye alishuku maji. Haya.

Halafu nikalia, na kitambaa kile kichafu mkononi. Walikuwa wameniambia kila kilicho chako kimekufa, na nilianza kuamini. Kumbe aliyekufa ni wewe tu. Nawe pia nilikupapasa, Tata, pale hospitali, kichwa, kifua, miguu. Sikupata panapouma.

Lala salama. Nikipeleka ndizi za Mama nitapita kando ya kaburi lako. Sitapiga honi, injini utaijua. Na yeyote atakayekuja kusema kitu cha nyumba hii kimekufa, nakuahidi, atasimama pembeni kwanza nipapase.

Binti yako,
Kemunto