Kadi Isiyo na Kelele

Kaka Ntare, Bwana asifiwe. Mgongo wako unaendeleaje huko Bukoba?

Kompyuta ninayohariria video za harusi iliungua kadi ya picha. Duka la Kicukiro lilikuwa na mbili. Moja ina feni tatu, haishiki joto, bei nafuu, ila inanguruma. Nyingine inashika joto, tena ghali, lakini kimya kabisa.

Muuzaji akacheka, "Mama, unalipia ukimya?"

Nikasema ndiyo. Shemeji yako Mutsinzi amelala chumba hichohicho, na daktari amesema hakuna dawa tena.

Sasa nafanya kazi nikisikia kila pumzi yake. Tangu Jumapili, kila moja inachelewa kuliko iliyopita. Nikisali, maneno yananiishia.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako,
Kayitesi, Busanza