Macho kwa Zamu

Jumatatu, 4 Machi 1996
Leo zamu ya jicho la kulia. Tone moja. La kushoto lisubiri kesho. Daktari alisema yote mawili, asubuhi na jioni, lakini daktari hanunui. Presha ya macho haina maumivu. Inakuibia polepole, kwa adabu.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda mtaa wa Ndia Kuu, kwa Bwana Taibali wa duka la dawa. Mchango wangu umepanda tena. Kampuni nilikostaafu imempa wakala wa Nairobi kazi ya kutupunguzia gharama za dawa. Wastaafu tumepewa kadi: unalipa mchango dukani, eti kampuni inamalizia bei. Wakala ndiye anayepanga mchango. Nimerudi nyumbani Kuze mikono mitupu. Pembeni mwa jicho la kushoto kuna ukungu. Naogopa.

Alhamisi, 7 Machi
Bi Zuhura, jirani, amemnunulia mamake chupa ile ile, duka lile lile. Hana kadi, hana kampuni. Amelipa chini ya mchango wangu. Chini! Akacheka: "Ami, na kadi yako yote hiyo ya ukubwa!" Mimi sikucheka.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kugomba. Bwana Taibali akaniacha nimalize, kisha akafunga nusu ya mlango. Akanieleza: ametia sahihi kwa wakala kwamba mwenye kadi asiambiwe bei ya taslimu. Akimwambia, duka lake linaondolewa kwenye mpango wa kadi. Nami nikilipa mchango, ile ziada juu ya bei ya taslimu wakala huichukua. Kampuni haitoi hata senti, na inaambiwa imeokoa.
"Kila mwezi nakuuliza, Bwana Said, leo umekuja na kadi? Nawe waibwaga mezani kabla ya salamu, kama waziri."
Kweli. Nilidhani ananiheshimu.
Namchukia wakala, na uso wake siujui. Bwana Taibali nilimchukia mpaka alasiri tu. Zaidi ya hapo ningebaki na nani wa kuzungumza naye?

Jumanne, 12 Machi
Nimekwenda bila kadi. Akaniuliza swali lake, nikajibu sina. Mara ulimi ukamfunguka: bei, kisha punguzo, kisha habari za goti lake. Chupa akaifunga kwa gazeti. Nikapita kwa daktari. Anasema kilichopotea katika jicho la kushoto hakirudi, kilichobaki kitalindwa. Nimemwambia nilikuwa nasahau dawa. Heri nionekane mzembe.

Ijumaa, 15 Machi
Macho yote mawili, asubuhi na jioni. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinishika kidevu na kunitia dawa. Mkono wake haukukosea. Sasa naegemeza kichwa ukutani, nalenga mwenyewe.
Jioni hii tone moja limekosea, limekwenda shavuni. Wiki iliyopita ningelirudisha kwa kidole. Leo nimeliacha lishuke.