Ua Fupi la Dirishani kwa Mzee

Mama Ombeni,

Kijiji hiki hakuna anayenizidi mkono wa kupanda; hata mpini wa jembe nikiuchomeka unaota. Basi tuseme unaota, ingawa mchicha wa juzi umekufa wote.

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. ~~Nimeenda kanisani.~~ Nimeenda kwa jirani, Mama Damari, na jembe.

Asubuhi nilipita kwake nikaliona lile ua letu fupi la njano, alilolichagua marehemu mzee wangu ili lisimzibie dirisha alipokuwa anaumwa. Ua moja huishi siku moja, kesho linachanua lingine. Shina likishapumzika, linaanza tena.

“Mkweo alinigawia,” kasema Mama Damari, “alitaka pa kuanikia nguo.”

Sikukasirika. Tangu msiba sisikii kitu, hata chai naionja kama maji.

Nitarudi na nusu ya shina. Chimba shimo pale pale chini ya dirisha, lisiwe refu, shingo ya mche haifukiwi. Kamba ya nguo utaihamisha.

Wewe uliniambia limekufa kwa baridi ya Juni. Mwanangu, mfu namjua, nimezika mmoja. Hachanui mara ya pili.

Mama mkwe wako